Ukinunua Trela Kuukuu, Lala Chini Kwanza

Trela haina injini, haina giaboksi, haina kioo cha kuvunjika wala redio ya kuibwa. Ndiyo maana watu wengi wanaoingia kwenye biashara ya usafirishaji hudhani kununua trela iliyotumika ni kazi ya nusu saa: unatazama matairi, unapiga teke moja, mnabishana bei, unatoa pesa. Mimi nimevuta trela kati ya Mombasa na Kampala sehemu kubwa ya maisha yangu. Tangu magoti yaanze kulalamika nimetulia hapa Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia, na kazi yangu sasa ni kuitwa na wanunuzi niwatazamie chuma kabla hawajafungua mkoba. Kila tani iliyozidi, kila shimo la barabarani, kila fundi aliyepita na mashine yake ya kuchomelea ameacha alama chini ya trela. Muuzaji hupaka rangi juu. Chini hapaki, na akipaka, rangi hiyo yenyewe inamsengenya.

Huku kwetu trela za kuuza hazikosekani. Mzigo unaoshuka bandarini Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo husafiri zaidi ya kilomita 900 kabla ya kufika mpakani, na milango mikubwa ni miwili: Malaba na Busia. Mafuta nayo hupakiwa kwenye maghala ya Kenya Pipeline kule Eldoret na Kisumu, kisha yanakuja huku huku. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, na tangu hapo gari hukaguliwa mara moja tu, upande ule linakoingia. Palipo na magari mengi hivyo, pana pia wenye magari walioshindwa na mkopo, waliogombana na washirika wao, au waliochoka tu. Kichwa cha lori huuzwa haraka kwa sababu kina injini na kila mtu anakitaka. Trela hubaki imesimama nyuma ya kituo cha mafuta au kwenye yadi ya mtu, na kibao cha mbao kimeandikwa INAUZWA pamoja na namba ya simu.

Wanaokuja kununua ni watu wa kawaida kabisa. Mwalimu aliyelipwa kiinua mgongo. Mkulima wa miwa aliyechoka kukodi. Chama cha akina mama waliokusanya pesa miaka mingi na sasa wanataka kitu kinachozunguka barabarani na kuleta kodi kila mwezi, kwa sababu trela unaweza kumkodisha mwenye kichwa bila wewe mwenyewe kuajiri dereva. Wazo si baya. Lakini hata trela iliyochoka itakugharimu pesa nyingi, na kwa pesa hizo mtu hana budi kuchafua nguo.

Kabla ya kuchafua nguo, amua itabeba nini. Trela ya bapa yenye mbao za pembeni hubeba karibu kila kitu: saruji, mahindi, mabati, mbolea. Ile ya mifupa mitupu hubeba kontena tu, na kontena zikikosekana utakaa. Tangi la mafuta linahitaji cheti cha kupimwa ujazo, leseni ya mamlaka ya nishati ya EPRA, na fundi anayejua kutoa mvuke wa mafuta ndani kabla ya kuwasha cheche yoyote. Fundi asiyejua hilo hufa. Anayeanza namshauri aachane na tangi.

Halafu hesabu ekseli. Hapa sheria ndiyo inayoamua utakula nini. Nchi za Afrika Mashariki zina sheria moja ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016. Ekseli ya mbele yenye usukani inaruhusiwa tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne, tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana, tani 18. Ekseli tatu zilizofuatana, tani 24. Gari zima, hata liwe na ekseli saba au zaidi, lisipite tani 56. Kwa hiyo kichwa cha ekseli tatu kikivuta trela ya ekseli tatu kinapata 8, 18 na 24, jumla tani 50. Toa uzito wa kichwa, tani 8 au 9. Toa uzito wa trela tupu, tani 7 au 8. Unabaki na tani 33 hadi 35 za mzigo, na huo mzigo ndio unaolipwa. Trela ya ekseli mbili huuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu ile hesabu yake ya nyuma ni 18, si 24. Wanunuzi wageni huiona bei, ekseli hawaihesabu. Mizani za Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, na hii yetu ya Busia, zitawahesabia.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba uzito wa trela tupu huongezeka kadiri inavyozeeka. Kila mara inapopasuka, fundi huongeza bamba. Bamba juu ya bamba, mwisho trela iliyotoka kiwandani na tani 7 inakuwa na 8 na zaidi. Tani hiyo moja utaibeba kila safari bila kulipwa, mpaka siku utakapoiuza kwa mtu mwingine asiyelala chini. Kitabu cha usajili, logibuku, kinaonyesha uzito wa trela tupu. Tafuta mizani ya watu binafsi, ya kiwanda cha sukari au ya wasagaji nafaka, upime kichwa na trela pamoja, kisha kichwa peke yake. Tofauti ndiyo trela. Ikizidi sana iliyoandikwa, umeshajua kuna chuma kingi cha viraka mle chini, na sasa kazi yako ni kukitafuta.

Kukitafuta unahitaji gunia la kulalia, tochi, brashi ya waya, chaki na futikamba. Mimi hupenda kwenda asubuhi kama usiku mvua ilinyesha, na huku Busia mvua si adimu. Chuma kizima hukauka mapema. Ufa hubaki na maji ndani yake, na utauona kama mstari mweusi wakati pembeni pameshakauka. Kama hakukunyesha, tafuta mstari wa kutu unaochuruzika kutoka mahali pasipo na sababu ya kutu.

Trela ina mihimili miwili mirefu, kushoto na kulia, nayo ndiyo uti wa mgongo. Tazama sehemu tatu za mhimili kwa makini kuliko nyingine zote. Ya kwanza ni shingoni, pale mhimili unapopungua kimo ili trela ikalie kichwa. Ya pili ni juu ya mabano yanayoshika springi, kwa sababu kila shimo la barabarani hupigia pale. Ya tatu ni pembeni mwa bamba lolote la kiraka. Hii ya tatu huwashangaza watu. Ufa wa zamani ulizibwa, lakini ufa mpya huanzia mwisho wa kiraka chenyewe, kwa sababu hapo chuma kigumu kinakutana ghafla na chuma laini kuliko hicho. Fundi anayejua kazi hukata ncha za bamba ziwe zimechongoka, na hachomelei kwa kukatisha ukingo wa chini wa mhimili. Fundi asiyejua hukata bamba la mraba na kulizungushia moto pande zote nne. Ukiona mraba, hesabu kwamba utaona ufa karibu nao, leo au baada ya safari chache. Tena mihimili ya trela nyingi za kisasa ni ya chuma cha nguvu, chembamba kwa makusudi ili trela iwe nyepesi. Ukikichoma kwa waya wa kawaida wa kutengenezea geti, kinapoteza ile nguvu pale pale moto ulipopita.

Niliwahi kuitwa na mwalimu mstaafu wa huku huku kaunti yetu. Alikuwa ameonyeshwa trela ya bapa, ya buluu, inang'aa hata mbali. Kijana wa muuzaji alikuwa amesimama na funguo mkononi, sijui funguo za nini, maana trela haiwashwi.

"Mzee, hii si kama mpya?" mwalimu akaniuliza.

"Mwalimu, hebu nishikie tochi," nikamwambia.

Nikaingia chini na brashi. Rangi ilikuwa nene mno kwenye shingo, nene kuliko mahali pengine popote, na nilipoisugua likatokea bamba la mraba lenye urefu wa mkono. Upande wa pili lilikuwepo jingine, pacha wake.

"Hili bamba ni la nini, kijana wangu?"

"Hilo ni la kuongeza nguvu tu, mzee."

"Nguvu huongezwa palipopungua," nikamjibu, na mwalimu akacheka. Alicheka kwa sababu alikuwa bado hajatoa pesa. Tuliendelea kupima kwa heshima, tukamshukuru yule kijana, tukaondoka. Mwalimu alikuja kununua nyingine, ya kijivu, yenye sura mbaya, iliyokuwa na kutu ya juu juu kila mahali na kiraka hakuna. Hiyo ndiyo trela ninayoipenda mimi: iliyozeeka bila kujificha.

Ukitoka chini, rudi nyuma hatua kadhaa ukae mkao wa kuchutama, ufumbe jicho moja utazame mhimili kutoka nyuma kwenda mbele. Unatakiwa uone mstari ulionyooka au uliopinda juu kidogo katikati, maana viwanda vingi huzijenga hivyo ili mzigo ukipanda mhimili ulale sawa. Ikiwa trela tupu imeshuka katikati, mwenyewe wa zamani alikuwa akiibebesha kuliko uwezo wake, na hakuna fundi wa kuirudisha. Kisha isimamishwe kwenye sakafu tambarare ya saruji, kama ya kituo cha mafuta, utazame kama imeinamia upande. Trela za njia yetu nimeziona nyingi zimelala kushoto. Sababu yake ni foleni. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, foleni ya Malaba ilirudi nyuma makumi ya kilomita, na trela zilikaa siku nyingi zimejaa mzigo, nusu juu ya lami na nusu kwenye bega la barabara. Springi za kushoto zilibeba mzigo wa pande zote mbili. Springi hubadilishwa, si msiba, lakini ziingize kwenye bei.

Sasa chukua futikamba. Pima kutoka kwenye kingipini, ile pini ya chini mbele inayoingia kwenye sahani ya kichwa, hadi ncha ya kushoto ya ekseli ya kwanza, kisha hadi ncha ya kulia. Vipimo viwe sawa. Tofauti ikizidi milimita 3 hivi, ekseli imekaa mshazari. Trela ya namna hiyo hutembea mwendo wa kaa: kichwa kinaelekea mbele na mkia unaelekea shambani. Inakula matairi, inakula mafuta ya kichwa, na kwenye daraja jembamba inakula roho ya dereva. Matairi yenyewe yatakuambia hata kabla ya kupima. Yaliyolika upande mmoja tu, au yaliyolika kwa manyoya manyoya ukipitisha kiganja, yametoka kwenye ekseli isiyonyooka. Muuzaji mwerevu huyabadilisha matairi hayo siku moja kabla hujafika, kwa hiyo matairi yote kumi na mawili yakiwa mapya kwenye trela nzee, furaha yako ichanganye na shaka. Soma tarehe pia. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno marefu na bado likawa limezeeka kwa jua.

Kingipini usiipite haraka. Ndiyo kitu kimoja kinachoshikanisha trela na kichwa, na unene wake ni kama wa kifundo cha mkono wa mtoto. Ile iliyoenea, ya inchi mbili, ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 50.8. Ikilika hadi kufika 49 inatolewa na kuwekwa nyingine. Nunua au azima kipimo cha vernia, upime sehemu mbili zinazokatana, kwa sababu pini hulika zaidi mbele na nyuma kuliko pembeni. Safisha grisi yote uangalie kama ina nyufa. Na ukiona pini imeongezwa nyama kwa kuchomelewa kisha ikasagwa ikawa laini, ondoka. Usiombe punguzo, ondoka. Chuma cha kingipini kimepikwa kiwandani kwa joto maalumu, na moto wa fundi wa barabarani unakiharibu kwa namna ambayo macho hayawezi kuona. Trela iliyoachana na kichwa kwenye mteremko wa Salgaa haina usukani wala dereva.

Na nikishataja Salgaa nimefika kwenye breki. Barabara yetu ya kwenda na kurudi ina miteremko iliyokwisha kuua watu wengi mno. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, likaingia kwa wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Kila mara nikipita pale hupunguza sauti ya redio. Kwa hiyo breki sikubali kuambiwa "ziko sawa". Nataka kichwa kije kifungwe kwenye trela, hewa ijae, injini izimwe, tukae kimya. Ikiwa kuna paipu inayovuja utaisikia ikipiga mluzi. Kisha kijana akanyage breki na mwingine atazame chini: kila fimbo inayotoka kwenye busta, lile kopo la hewa la breki, isogee, na zisogee kwa urefu unaokaribiana. Ile isiyosogea ina gurudumu lisilo na breki. Ile inayotoka ndefu kuliko wenzake ina slaki, ile ya kurekebishia breki, iliyolegea, au viatu vilivyokwisha. Mwisho, hewa ikiwa imejaa, chomoa paipu nyekundu. Trela inatakiwa ijifunge breki yenyewe hapo hapo, kwa sababu paipu hiyo ndiyo itakayokatika siku trela na kichwa vikiachana. Mwambie dereva ajaribu kuivuta. Ikisogea kwa urahisi, hiyo siyo trela ya kupeleka barabarani.

Kuna wauzaji wanaochukia jaribio hili, wanasema kichwa hakipo, kimeenda Tororo, kitarudi kesho. Subiri kesho.

Habu na beringi ni rahisi. Jeki inyanyue ekseli, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha ulizungushe polepole huku mkono mwingine umeuweka kwenye springi. Beringi mbovu utaisikia kwenye kiganja kabla ya kuisikia masikioni. Grisi iliyotapakaa ndani ya rimu maana yake sili imekwisha, na grisi ikifika kwenye viatu vya breki, breki hiyo haishiki. Ekseli zenye jina, kama BPW za Ujerumani, zina vipuri karibu kila mji wa njia hii. Ndiyo maana vibao vya majina hayo huonekana hata kwenye ekseli ambazo hazijawahi kuiona Ujerumani. Kibao kiwe na namba, na kisionekane kimebandikwa mwaka huu.

Taa, waya, vibao vya kuakisi mwanga vya nyuma, miguu ya kusimamia trela: vitazame, lakini visikuvunje moyo. Ni vitu vya elfu kadhaa, si vya laki. Kwa trela ya kontena, hakikisha tu kufuli zote za pembe zinazunguka na kufunga. Kontena isiyofungwa hupinduka peke yake kwenye kona.

Niongeze kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya fundi yeyote. Chini ya trela nyingi za njia yetu kuna sanduku la chuma lenye mlango, na kando yake mtungi wa maji. Humo ndimo jiko la makaa, sufuria, unga, sukari na godoro la turniboi, yule msaidizi wa dereva, hukaa. Foleni ikiwa ndefu, trela ndiyo nyumba: wanapikia kivulini mwake, wanafunga kitanda cha kamba chini yake, wanalala. Matajiri wengine duniani hununua trela za kulala ili waende mbugani kupumzika. Wetu hulala chini ya trela kwa sababu karatasi za forodha hazijatoka. Sanduku likiwa bovu, mlango haufungi au linavuja maji, litengeneze. Dereva na turniboi wanaokula na kulala vizuri huitunza trela yako. Kuna wenye magari wanaoliita hilo anasa. Sikubaliani nao, na nimelala chini ya trela vya kutosha kuwa na haki ya kusema.

Karatasi sasa. Trela ina usajili wake mbali na kichwa, logibuku yake, na namba yake inayoanza na herufi Z. Namba ya chasisi imegongwa kwenye mhimili wenyewe. Isafishe, isugue kwa chaki ili tarakimu zijitokeze, uilinganishe na logibuku tarakimu kwa tarakimu. Palipopitishwa msasa wa umeme pana mng'aro au shimo la juu juu. Hapo pana habari. Kisha fanya upekuzi kwenye mfumo wa mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia eCitizen kwa ada ndogo. Utaona jina la mwenye trela, na kama benki au kampuni ya mikopo imeandikwa pamoja naye, jua deni halijaisha. Barua ya mkononi ya kusema "nimemaliza kulipa" haitoshi. Benki yenyewe iondoe jina lake kwenye mfumo. Mwenye trela akiwa ni kampuni, omba hati ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi, na sahihi yao. Akiwa marehemu, mjane au mwana hawezi kukuuzia mpaka mahakama impe hati ya kusimamia mirathi, hata akiwa mtu mwema anayemwogopa Mungu.

Na hapa mpakani kuna mtego wa kwetu wenyewe. Utaletewa trela yenye namba ya Uganda au ya nchi ya mbali zaidi, bei imeshuka, muuzaji anasema "utabadilisha namba baadaye". Kabla hujasema ndiyo, nenda kwa maofisa wa forodha wa KRA uwaulize kama trela hiyo iliingia nchini kwa muda tu au imelipiwa ushuru. Iliyoingia kwa muda si mali ya kuuzwa Kenya mpaka taratibu za forodha zikamilike, na gharama hiyo itamwangukia aliyeishika. Ukipanga kubeba mizigo ya kupita nchini kwenda nje, trela itahitaji pia leseni ya forodha na yale maandishi makubwa ya TRANSIT GOODS ubavuni. Kukuta maandishi hayo tayari yamechorwa hakumaanishi kwamba leseni ipo.

Pesa zipite benki, jina la anayepokea liwe ndilo lile lililo kwenye logibuku, na uhamisho wa umiliki uanzishwe na muuzaji mkiwa mmekaa pamoja mbele ya kompyuta. Usilipe hata ya kushikia trela kabla hujalala chini yake. Atakuambia kuna mnunuzi mwingine kutoka Bungoma anakuja saa nane. Mwache aje. Trela huuzwa Busia na Malaba kila wiki, na nyingine itasimama hapo barabarani kabla mwezi haujaisha.